Marekani ya Hoja Sita

Desemba iliyopita nilikaa siku nne Mitundu kwa dada yangu, na karibu kila usiku nilisinzia nikimsikia mtu akisema peke yake nyuma ya nyumba. Mpwa wangu yuko kidato cha sita, tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), shule ya bweni mkoa mwingine, naye alikuwa amerudi likizo. Taa ya sola imetundikwa kwenye mwembe, daftari liko juu ya kigoda, mwenyewe anatembea hatua saba kwenda na saba kurudi, akitaja kwa Kiingereza sababu za Mdororo Mkuu wa uchumi wa 1929. Uzalishaji uliozidi. Mgawanyo mbaya wa mapato. Ulanguzi katika soko la hisa. Mikopo holela ya benki. Ushuru mkubwa wa forodha. Ya sita ilikuwa inamponyoka. Kila akiikaribia alinyamaza, akarudi kwenye kigoda, akafyonza, kisha akaanza upya na ya kwanza.

Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Itigi, wilayani Manyoni, kwenye barabara inayotoka Itigi kuelekea Rungwa, Makongolosi na hatimaye Mbeya. Watu wanalima alizeti, mahindi na tumbaku, na porini kuna mizinga ya nyuki. Ukiacha barabara unakutana na kichaka cha Itigi, ile miti mifupi iliyofungamana ambayo ng'ombe akizamia humo, mwenye ng'ombe hurudi kwanza nyumbani kuvaa viatu. Kutoka hapa hadi Wall Street ni mbali kwa kipimo chochote utakachochagua. Hata hivyo Mei ijayo kijana huyu anaweza kuulizwa habari za Wall Street, na jibu lake litasaidia kuamua kama ataenda chuo kikuu. Alama 80 kwenda juu ni A, nayo ina pointi moja. F ina pointi saba. Masomo matatu ya tahasusi yakijumlishwa yakatoa kati ya 3 na 9, hilo ni daraja la kwanza. Basi ile sababu ya sita inayomponyoka usiku wa manane si jambo la mzaha.

Swali nililoondoka nalo Mitundu ni hili: historia ya Marekani inafanya nini katika mtihani wetu wa kidato cha sita, na kwa nini watoto wetu wanaijua kama orodha?

Tuanze na mahali inapokaa. Marekani inaingia kwenye somo la Historia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza uko kwenye karatasi ya kwanza, katika mada ya watu wenye asili ya Afrika kwenye Ulimwengu Mpya. Hapo mwanafunzi anakutana na utumwa wa mashamba makubwa, kisha Booker T. Washington na chuo chake cha Tuskegee cha 1881, kisha W.E.B. Du Bois na chama cha NAACP cha 1909, kisha Marcus Garvey, mpaka anafika Manchester 1945 ambako Du Bois mzee anakaa meza moja na Nkrumah na Kenyatta. Mlango wa pili uko kwenye karatasi ya pili, katika mada ya Marekani kuibuka kuwa dola kuu ya kibepari. Huko kuna mdororo wa 1929, mpango wa New Deal wa Rais Franklin Roosevelt, na Mpango wa Marshall wa 1948 uliopeleka Ulaya Magharibi dola zipatazo bilioni 13.

Ni nyumba moja yenye milango miwili, lakini ndani hakuna korido. Mwanafunzi anaingia kwa mlango mmoja anawakuta Waamerika weusi, anatoka. Siku nyingine anaingia kwa mlango wa pili anawakuta mabepari na benki zao, anatoka. Katika daftari la mpwa wangu kulikuwa na kurasa nyingi baina ya Garvey na Roosevelt, na katika kurasa hizo zote sikuona mstari hata mmoja unaosema kwamba watu hao waliishi nchi moja. Nilipomuuliza kama New Deal iliwagusa wajukuu wa watumwa, alinitazama kama nimemchanganyia madaftari.

"Mjomba, hiyo ni pepa wani. Hii ni pepa tuu."

Mpangilio huu haukudondoka kutoka mbinguni. Kwa maoni yangu wazazi wake wanajulikana, na ni wazazi wa heshima. Miaka ya 1960 kuelekea 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa uwanja wa mabishano makali kuhusu ubepari na unyonyaji. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha pale 1966 hadi 1967, akarudi 1969 hadi 1974, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka 1972, Tanzania Publishing House ikiwa mmoja wa wachapishaji. Malcolm X alikuwa amepita Dar es Salaam Oktoba 1964. Pete O'Neal, mwanachama wa Black Panther aliyeikimbia Marekani, alifika nchini 1972 na akajenga maisha yake karibu na Arusha. Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika likafanyika chuoni hapo Mlimani. Kizazi hicho kiliitazama Marekani kwa maswali mawili: tajiri huyu kaupataje utajiri wake, na ndugu zetu waliouzwa kwake kawafanya nini? Kwa Rodney hayo yalikuwa swali moja. Lakini muhtasari wa shule hautaki swali, unataka mada. Swali likakatwa vipande viwili, vipande vikawa mada, mada zikazaa maswali ya mtihani, na maswali yakazaa hoja sita sita.

Hoja sita zinatokana na saa. Kwa miaka mingi karatasi moja imekuwa ya saa tatu, mtahiniwa anajibu maswali matano, kila moja alama 20. Gawanya mwenyewe: dakika 36 kwa insha. Ndani ya dakika hizo anatakiwa aeleze dhana iliyoulizwa, atoe usuli, ashushe hoja, kila hoja iwe na maelezo na mfano wake, kisha ahitimishe. Na yote hayo kwa mkono, kwa lugha ambayo nje ya darasa haisikii. Walimu waliobobea wanajua kuwa aliye na mifupa tayari kichwani ndiye anayemaliza. Kwa hiyo wanawapa wanafunzi mifupa. Vijitabu vya notisi vinapita mkono kwa mkono, vinarudufiwa hadi herufi zinafifia, na kila bweni lina kijana mmoja anayesifiwa kwa kuwa na "nondo" kali. Kukopi majibu ya mwingine ni "kudesa". Kusoma usiku kucha ni "kupiga msuli". Na kuandika mengi mazuri yasiyoulizwa ni "kuingia chaka". Kijana wa Mitundu akisema fulani kaingia chaka, anajua chaka ni nini. Amewahi kumtafutia mbuzi humo.

Mimi mwenyewe niliingia. Mwaka wangu, katika mtihani wa moko, swali lilitaka mchango wa Garvey katika harakati za watu weusi. Nikashusha udhaifu wake wote: kampuni yake ya meli ya Black Star Line, iliyoanza 1919 kwa shangwe ikafa kwa madeni, kesi ya ulaghai wa posta iliyompeleka jela, kufukuzwa kwake Marekani 1927. Hakuna hata moja la uongo. Hakuna hata moja lililoulizwa. Nilikuwa nimekariri udhaifu vizuri kuliko mchango, na mkono wa mtu aliyekariri huandika kilichomo, hauangalii kinachotakiwa. Mwalimu alichora mstari mwekundu kutoka juu ya ukurasa hadi chini, taratibu, kama mtu anayechana kanga.

Ni rahisi kudhani kwamba hili ni tatizo letu peke yetu, na kwamba wenye nchi yao wanaisoma vingine. Wamarekani nao wana mtihani wao wa historia ya nchi yao kwa wanafunzi wa sekondari wanaotaka kiwango cha chuo. Ni sehemu ya mpango wa Advanced Placement unaosimamiwa na College Board, na unafanyika Mei kama wetu. Muda wake ni saa 3 na dakika 15: maswali 55 ya kuchagua jibu kwa dakika 55, maswali matatu ya majibu mafupi kwa dakika 40, insha ya nyaraka kwa saa nzima, na insha ndefu kwa dakika 40. Muhtasari unaanzia 1491, mwaka mmoja kabla ya Columbus, ili mwanafunzi akumbuke kwamba nchi ilikuwa na wenyewe. Alama ni kuanzia 1 hadi 5.

Kinachonivutia zaidi ni ile insha ya nyaraka. Mtahiniwa anawekewa mezani vipande saba: pengine barua, hotuba, katuni ya gazeti, takwimu za sensa. Anaambiwa: jenga hoja yako kutokana na hivi, na utuambie nani alikuwa anasema na kwa nini alisema hivyo. Kwetu mtahiniwa anaingia mikono mitupu na kutoka mikono mitupu. Kila kitu kimo kichwani au hakimo.

Tusiwaonee wivu kupita kiasi. Insha ile ya nyaraka inasahihishwa kwa pointi saba, na watoto wa Chicago wanazikariri pointi hizo kama mpwa wangu anavyokariri sababu zake: moja kwa tasnifu, moja kwa muktadha, na kuendelea. Ukiweka mtihani popote duniani, kesho yake kutakuwa na njia ya mkato ya kuupita. Wala siasa haikosekani. Mwaka 2014 muhtasari wao mpya ulipotoka, kamati ya taifa ya chama cha Republican iliulaani kwamba unaipaka nchi matope. Septemba ya mwaka huo wanafunzi wa wilaya ya Jefferson katika jimbo la Colorado walitoka madarasani kupinga pendekezo kwamba somo lihimize uzalendo. Mwaka 2015 muhtasari ukarekebishwa. Naona faraja kidogo hapo: na wao wanagombana kuhusu kipi kiingie kwenye daftari la mtoto.

Tofauti iliyo nzito, kwa hiyo, haiko kwenye kukariri. Wote wanakariri. Tofauti ni kwamba mtoto wa kule akikariri, angalau anakariri jinsi ya kushika karatasi ya zamani na kuihoji. Wetu anakariri majibu ya mtu mwingine aliyeihoji zamani, tena kwa lugha ya tatu.

Lugha nayo ina sehemu yake. Nilimwomba mpwa wangu anieleze New Deal kwa Kiswahili. Alianza vizuri, akafika kwenye maneno matatu maarufu ya mpango ule, yaani kutoa nafuu, kufufua uchumi na kurekebisha mfumo, akasimama. Alikuwa anayajua kwa Kiingereza kama mtu anavyojua namba ya simu: tarakimu zote zipo, maana hakuna. Tangu mtaala mpya uanze kutumika, kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hiyo ni hatua. Lakini somo la Historia linaloibeba Marekani limebaki kwenye Kiingereza, na kwa mtoto wa Mitundu, aliyelelewa kwa lugha ya mama na Kiswahili, Roosevelt anafika amevaa makoti mawili.

Jioni ya siku ya tatu tulikaa barazani, bibi yake, yaani mama yangu, akipepeta mahindi. Nikasema: basi mweleze bibi. Usinieleze mimi.

Kijana akacheka, kisha akajaribu. "Bibi, Marekani zamani wakulima walilima sana, bei ikaanguka."

"Kama alizeti," bibi akasema bila kuinua macho.

Hapo kijana akachangamka, kwa sababu alizeti anaijua. Mwaka 2023 bei ya alizeti ilipoporomoka Singida, magunia yalikaa ndani hadi panya wakanenepa, na watu wakabishana kama kosa ni mafuta ya nje au ni wenyewe kulima mno. Akaendelea: serikali ya Roosevelt 1933 ilipitisha sheria ya kilimo iliyowalipa wakulima wapunguze mazao ili bei ipande.

Bibi akaacha kupepeta. "Walilipwa wasilime?"

"Ndiyo, bibi. Na pamba iliyokuwa imeshaota wakailima tena, wakaifukia." Zilikuwa ekari zipatazo milioni 10 za pamba. Nguruwe wapatao milioni sita wakachinjwa mwaka huo huo, wengi wao wadogo, wakati robo hivi ya wafanyakazi wa nchi hawana kazi na watu wamepanga foleni kungoja supu.

Bibi alitafakari, akauliza swali ambalo sijaliona kwenye kijitabu chochote cha notisi: "Hela alipewa nani? Mwenye shamba au aliyelima?"

Kijana akanitazama. Mimi nikatazama mahindi.

Hilo ndilo swali lenyewe. Hela ilipita kwa mwenye shamba. Kusini mwa Marekani, aliyelima mara nyingi hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mpangaji aliyegawana mavuno na tajiri, akikopa mbegu na unga dukani kwa tajiri huyo huyo, na mwisho wa mwaka hesabu ikimwonyesha anadaiwa. Wapangaji hao walikuwa weupe na weusi, lakini weusi wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa watumwa wa mashamba hayo hayo. Serikali ilipolipa ili pamba ipunguzwe, tajiri alichukua malipo, akapunguza pamba, na akapunguza na wapangaji. Familia zikatolewa na vyombo vyao zikaachwa kando ya barabara. Mwaka 1934, jimbo la Arkansas, wapangaji weusi na weupe wakaunda chama kimoja cha kujitetea, jambo la hatari kubwa mahali pale na wakati ule. Januari 1936 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria yenyewe, kwa hoja za kikatiba na wala si kwa ajili ya wapangaji.

Basi New Deal iliwagusa wajukuu wa watumwa. Iliwagusa kwa kuwang'oa. Korido ya ile nyumba ipo, na sakafu yake ni ya pamba. Bibi aliyeishia darasa la nne aliiona kwa sababu amewahi kulima shamba la mtu.

Nikamwambia mpwa wangu aifuate pamba hiyo nyuma, aone itampeleka wapi. Haikuchukua muda ikatufikisha mlangoni kwetu.

Septemba 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini na Sayyid Said, sultani wa Unguja, mkataba wa biashara, miaka sita kabla ya Waingereza kupata wa kwao. Mwaka 1837 Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, akafungua ubalozi mdogo Unguja. Meli za Salem zilileta kitambaa cha pamba kigumu, kisichotiwa rangi, kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Watu wa pwani wakakiita kwa jina la kilikotoka: merikani. Vitambaa vya India vilivyokuwa vinatamba kabla ya hapo vikasukumwa pembeni, kwa kuwa merikani ilidumu. Meli ziliporudi zilibeba pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, Deep River na kijiji ambacho mpaka leo kinaitwa Ivoryton, zikakatwa vipande vyembamba vya kubandikwa kwenye vibonyezo vya piano.

Na pamba ya viwanda vya Massachusetts ilitoka wapi? Kusini, kwenye mashamba ya watumwa. Aliyeichuma alikuwa Mwafrika, au mtoto wa Mwafrika, asiyelipwa. Ilifumwa kaskazini na mikono ya kulipwa, ikavuka bahari mbili, ikafika Unguja, ikapanda Bagamoyo kwenye mabega ya wapagazi, ikapita Ugogo ambako kila mtemi alidai ushuru wake, uliojulikana kama hongo, neno ambalo leo tunalo kwa shughuli nyingine, kisha ikaingia pori kubwa kati ya Ugogo na Unyamwezi. Pori hilo wapagazi waliliita Mgunda Mkali. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walilivuka 1857, na Burton akalielezea kama shamba la moto. Maji haba, miiba mingi, siku nyingi bila kijiji. Leo reli ya kati inalikata, na stesheni zake ni Manyoni na Itigi. Mitundu iko kusini ya njia ile ya misafara, lakini kichaka ni kile kile. Ndicho kinachoanza nyuma ya mwembe wenye taa ya sola.

Mwaka 1871 alipita hapo mtu mmoja ambaye watoto wote wa shule wanamjua kwa sentensi moja tu, Henry Morton Stanley, akitafuta habari za Livingstone kwa ajili ya gazeti la New York Herald. Alitoka Bagamoyo Machi akafika Unyanyembe Juni, na mzigo wake mkubwa ulikuwa marobota ya vitambaa, merikani ikiongoza. Merikani ndiyo ilikuwa pesa. Ilihesabiwa kwa doti, yadi nne kwa doti moja; kwa doti alilipa hongo, kwa doti alinunua chakula. Jambo ambalo notisi hazisemi ni kwamba Stanley, mzaliwa wa Wales, alikuwa amepigana katika Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alipigana upande wa Kusini, upande wa wenye watumwa, akatekwa kwenye mapigano ya Shiloh, Aprili 1862, na baadaye akabadili upande. Kwa hiyo mwanajeshi wa zamani wa jeshi la mabwana wa pamba alivuka Mgunda Mkali akilipia njia yake kwa pamba.

Vita vile vyenyewe vilisikika huku. Kati ya 1861 na 1865 pamba ya Kusini ilizuiwa bandarini, viwanda vya kaskazini vikakosa malighafi, na merikani ikaadimika Unguja. Vitambaa vya Uingereza na India vilivyoigiza merikani vikaingia kujaza nafasi. Mfanyabiashara wa Tabora huenda hakuwahi kumsikia Abraham Lincoln, ila kwenye robota aliona kuna kitu kimetokea. Na magharibi ya hapa, katika Ukimbu, Nyungu ya Mawe alikuwa akijenga dola yake kwa wapiganaji wake, rugaruga, na kwa kudhibiti pembe za ndovu, mpaka alipofariki 1884 na kumwachia utawala binti yake Mgalula. Dola kama hizo za kabla ya ukoloni nazo ziko kwenye karatasi ya kwanza, mada nyingine kabisa, daftari jingine kabisa. Hesabu milango sasa: imefika mitatu.

Nasema haya nikijua hatari yake. Si kila tukio la Marekani limepita Manyoni, na mwalimu anayelazimisha kila mada ifike kijijini atawachosha wanafunzi haraka kuliko kijitabu cha notisi. Mpango wa Marshall, kwa mfano, sijui ungeufikishaje Mitundu bila kudanganya. Huo wausome tu kama ulivyo. Wala simlaumu mwalimu mwenye darasa la wanafunzi lukuki, ambaye anapimwa kwa idadi ya madaraja ya kwanza, kwa kuchagua mifupa badala ya nyama. Lakini nadhani kuna kosa moja ambalo halihitaji fedha wala mtaala mpya kulirekebisha. Tumewazoesha watoto kuamini kwamba historia ya mbali ni ya kukariri, na ya karibu si historia. Neno merikani limo kwenye kamusi zetu. Doti bado tunahesabia kanga. Hongo kila mtu anaijua. Ushahidi umekaa mdomoni mwa mtahiniwa mwenyewe, naye anaambiwa atafute hoja kwenye karatasi iliyorudufiwa mara tisa.

Ninaamini pia kwamba hata kwa hesabu baridi ya alama, njia hii inalipa. Msahihishaji mwenye rundo la vitabu vya majibu mbele yake anasoma hoja zile zile, kwa mpangilio ule ule, pengine kwa makosa yale yale ya tahajia, kwa kuwa zimetoka kwenye desa moja. Mtoto anayeeleza udhaifu wa New Deal kwa kutaja waliofukuzwa kwenye mashamba ya pamba, akaeleza kwa nini malipo yalimfikia mwenye shamba, ametoa hoja, maelezo na mfano kwa pumzi moja. Na haisahau, kwa sababu hakuikariri. Aliulizwa na bibi yake.

Usiku wa mwisho sikumsikia akitembea. Nilitoka nikamkuta amekaa kwenye kigoda, daftari mapajani, ameandika 1833 pembeni ya ukurasa wa New Deal na kuchora mshale unaopanda hadi kwenye ukurasa wa utumwa, alioufungua kwa kidole gumba cha mkono wa pili. Wadudu wa mvua walikuwa wanajigonga kwenye taa.

"Mjomba," akasema, "hii ya merikani nikiiandika, watanipa alama?"

"Wameuliza nini?"

"Tuseme wameuliza sababu za ubepari wa Marekani kukua."

"Hoja yako ya kwanza ni ipi?"

"Kazi ya watumwa kwenye mashamba ya pamba."

"Iweke humo humo, kama mfano. Mistari mitatu, isizidi. Ukiifanya insha nzima, umeingia chaka."

Akainama, akaanza kuhesabu mistari.